Maji ya Mafuriko Yanapoingia Chooni: Tabianchi na Haki ya Afya Afrika Mashariki

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi mji mdogo wa Katesh, mkoani Manyara, vikasomba nyumba na waliokuwamo ndani. Waliofariki walizidi 80. Siku hiyohiyo, huko Dubai, mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa ulikuwa ukifanya jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu mikutano hiyo ianze mwaka 1995: siku nzima ilitengwa kuzungumzia afya. Rais wa Tanzania, Samia Suluhu Hassan, alikuwa miongoni mwa viongozi waliokwenda Dubai. Alikatisha safari yake akarudi nyumbani.

Lugha ya Dubai ilikuwa ya nyuzijoto na mabilioni ya dola. Mahitaji ya manusura wa janga kama la Katesh ni ya aina nyingine kabisa: maji ya kunywa yasiyo na tope, choo kinachoweza kuhudumia mamia ya watu waliohifadhiwa shuleni, vidonge vya presha na kisukari vilivyokwenda na maji, dawa za kufubaza VVU zisizotakiwa kukosekana hata siku moja, na mkunga wa kumpokea mama ambaye uchungu haukusubiri barabara ifunguliwe.

Hoja ya mhadhara huu inaanzia hapo. Maradhi mengi yanayohusishwa na mabadiliko ya tabianchi Afrika Mashariki ni ya zamani: kipindupindu, malaria, homa ya Bonde la Ufa, utapiamlo. Joto na mvua zisizotabirika huyapa nguvu, lakini kinachoamua nani augue, na kati ya wanaougua nani afe, ni choo, bomba, umbali wa zahanati na fedha iliyopo ndani ya nyumba usiku mtoto anapoanza kuhara. Anayetaka kuwakinga watu na tabianchi aanze na mambo hayo.

Takwimu za hivi karibuni zinaonyesha hivyo waziwazi. Mvua za vuli za mwaka 2023 zilizoiangukia Pembe ya Afrika zilichunguzwa na wanasayansi wa World Weather Attribution, ambao hulinganisha hali ya hewa ilivyo sasa na jinsi ambavyo ingekuwa bila gesijoto zilizolundikana angani. Walikadiria kuwa mabadiliko ya tabianchi yaliongeza ukali wa mvua zile, pengine hadi mara mbili. Miezi michache baadaye walichunguza masika ya 2024, yaliyoua karibu watu 300 Kenya. Nchini Tanzania, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge tarehe 25 Aprili 2024 kwamba watu 155 walikuwa wamekwishapoteza maisha. Safari hii makadirio ya wanasayansi yalikuwa madogo: ukali wa mvua uliongezeka kwa takribani asilimia 5. Walichosisitiza ni ukuaji wa haraka wa miji, na watu wanaojenga pale mto unapopita kwa sababu hawana kwingine.

Asilimia 5 ya mvua haielezi vifo vyote hivyo. Jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilieleza katika ripoti yake ya 2022 kwamba kati ya mwaka 2010 na 2020, vifo vilivyotokana na mafuriko, ukame na dhoruba katika maeneo dhaifu zaidi duniani vilikuwa mara 15 ya vile vya maeneo yaliyojiandaa vizuri. Tofauti ya mara 15 imetengenezwa na binadamu, na binadamu anaweza kuipunguza.

Jiji la Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuona jinsi tofauti hiyo inavyotengenezwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 katika mkoa huo, na walio wengi wanaishi katika makazi yasiyopimwa. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unakatiza katikati ya jiji na kuingia baharini karibu na daraja la Salender. Bonde lake la chini, Jangwani, ni uwanda wa mafuriko tangu zamani, na kila mkazi wa Dar es Salaam analijua neno linalotajwa redioni mawingu yakitanda: wakazi wa mabondeni. Huambiwa wahame. Desemba 2011 mvua iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote kwa zaidi ya nusu karne iliua watu wapatao 40, na serikali ikazihamishia familia nyingi Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Walipewa viwanja, lakini vibarua, wateja wa mama lishe, shule na hospitali walizozizoea vilibaki mjini. Baadhi yao walirudi. Uamuzi huo ulionekana ni ukaidi, ingawa mama anayeuza chakula Kariakoo akipigiwa hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi kila siku, uamuzi wake unaeleweka.

Ndani ya bonde hilo, tatizo la afya linaanzia chooni. Mtandao wa majitaka wa jiji unahudumia sehemu ndogo tu ya nyumba. Zilizobaki zinategemea vyoo vya shimo au mashimo ya kuhifadhi majitaka. Shimo likijaa, mwenye nyumba anatakiwa kuita gari la kunyonya, lakini gari halipiti kwenye kichochoro ambacho hata mkokoteni unapita kwa shida, na bei yake kwa nyumba ya wapangaji wa chumba kimoja kimoja ni mzigo mkubwa. Basi watu husubiri mvua kubwa, wakatoboa shimo usiku na kuyaacha maji ya mtaroni yachukue yaliyomo. Jijini jambo hilo linaitwa kutapisha choo. Ni kosa, na maofisa afya wa kata hulipigia kelele kila masika, lakini wapangaji wataendelea kulifanya mpaka ipatikane njia ya kuondoa uchafu huo kwa bei wanayoimudu.

Kinachofuata kinajulikana. Mabomba ya plastiki yanayosambaza maji nyumba kwa nyumba hupita ndani ya mitaro ileile. Msukumo wa maji ukipungua, maji machafu hunyonywa na kuingia kupitia nyufa. Visima vifupi huchanganyika na mafuriko. Baada ya siku chache mtu wa kwanza anafikishwa kituo cha afya akiwa amelegea, macho yameingia ndani, ngozi haina maji.

Tarehe 15 Agosti 2015 kipindupindu kilianza tena Dar es Salaam, katika Manispaa ya Kinondoni, kikasambaa nchi nzima. Ulikuwa mwaka wa El Niño kali, yaani joto lisilo la kawaida katika Bahari ya Pasifiki. Kufikia tarehe 7 Januari 2018 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeandikisha wagonjwa 33,421, na vifo 542, Bara na Visiwani. Mwaka 2017 watafiti walichapisha uchambuzi wa takwimu za Afrika nzima uliokadiria kwamba katika miaka ya El Niño, Afrika Mashariki hupata karibu wagonjwa 50,000 wa kipindupindu zaidi ya kawaida. Bahari ya Pasifiki ikipata joto, mtoto wa Manzese, Dar es Salaam, yuko hatarini miezi kadhaa baadaye.

Idadi ya vifo inastahili kutazamwa vizuri zaidi. Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa, na asipotibiwa anaweza kufa siku hiyohiyo. Lakini akipewa maji yenye chumvichumvi za ORS mapema, na dripu inapohitajika, wanaokufa huwa chini ya mmoja kwa kila 100. Tanzania ilipoteza mtu mmoja na nusu na zaidi kwa kila 100. Pengo hilo linatokana na kuchelewa: kuchelewa kutambua, kuchelewa kupata bodaboda usiku, na kuogopa gharama hata pale ambapo tiba yenyewe ni bure. Bakteria walikuwa ni walewale Oysterbay ya matajiri na Tandale ya maskini. Maji ya kunywa hayakuwa yaleyale.

Ukanda huu unaufahamu ugonjwa huo kwa muda mrefu. Daktari Mskoti James Christie, aliyefanya kazi Unguja wakati wa mlipuko wa 1869 na 1870, alichapisha mwaka 1876 kitabu kilichofuatilia njia za majahazi na misafara zilizokisafirisha kipindupindu Afrika Mashariki tangu 1821. Aliona kwamba ugonjwa unafuata biashara na maji. Karibu miaka 140 baada ya mlipuko huo Zanzibar ilijaribu jambo lililozaa matunda: mwaka 2009 watu wapatao 50,000 wa maeneo yenye hatari kubwa Unguja na Pemba walilengwa kupewa chanjo ya kunywa ya kipindupindu, na utafiti uliofuata ulionyesha kinga ya karibu asilimia 79 kwa waliomaliza dozi. Hata majirani ambao hawakuchanjwa walipata nafuu, kwa sababu vimelea vilipungua katika mazingira. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kisha ikaandaa mpango wa miaka kumi wa kutokomeza kipindupindu, ambao unaweka maji na vyoo mbele na kuitumia chanjo kununua muda.

Ukame nao una maradhi yake, na mara nyingi husahaulika kwa sababu haupigwi picha. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua sana. Uzalishaji wa maji ya Dar es Salaam katika mitambo ya mto huo ulishuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi takribani milioni 300, na mgao ukatangazwa. Mwenye kisima chake na tangi la lita 5,000 hakubadilisha maisha yake. Aliyekuwa akinunua kwa dumu alilipa zaidi kwa maji machache na yasiyojulikana yametoka wapi, na ndani ya nyumba yake ndoo na mapipa yakakaa na maji wiki nzima.

Maji yaliyotuama ndani ya pipa ndiyo mazalia anayoyapenda mbu Aedes aegypti, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengue. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2010, 2014 na 2019, na ule wa mwisho ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 6,000 waliothibitishwa. Hili halikuanza jana. Chikungunya, homa inayokunja viungo, ilielezwa kwa mara ya kwanza na sayansi kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika Uwanda wa Makonde, eneo la Newala. Uwanda huo haukuwa na maji, wanawake waliteremka mabondeni kuyatafuta, na waliyoyapata waliyatunza kwa uangalifu nyumbani. Mbu wakazaliana humo. Shida ya maji ilileta ugonjwa kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia, na wataalamu wanaohimiza wananchi wafunike mapipa wakumbuke kwamba bomba linalotoa maji kila siku linaondoa haja ya pipa.

Kisa kinachofundisha kuliko vyote katika eneo hili ni cha homa ya Bonde la Ufa. Virusi vyake vilitambuliwa kwa kondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha mwaka 1930 na kuelezwa mwaka uliofuata. Baadhi ya mbu aina ya Aedes hutaga mayai yaliyokwisha kubeba virusi katika udongo wa mbuga zinazojaa maji wakati wa mvua tu. Mayai hayo hukaa katika udongo mkavu kwa miaka. Ikija mvua kubwa isiyo ya kawaida na maji yakasimama kwa wiki kadhaa, mbu huanguliwa wakiwa na virusi tayari. Kwanza ng'ombe, kondoo na mbuzi hutupa mimba kwa mkupuo, ndama na wana-kondoo wakafa. Kisha binadamu anaambukizwa, kwa kuumwa na mbu au kwa kugusa damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Anayechinja, anayechuna, anayemsaidia mnyama kuzaa, anayekamua: hao ndio walio mbele kabisa.

El Niño ya 1997 na 1998 ilileta mlipuko mkubwa kaskazini mashariki mwa Kenya na Somalia, ambao ulifika hadi Tanzania. Kutokana nao watafiti walitengeneza njia ya kuutabiri. Walisoma joto la bahari za Pasifiki na Hindi, na picha za setilaiti zinazoonyesha jinsi majani yanavyochipua. Kati ya Septemba na Novemba 2006 kundi la wanasayansi wakiwamo wa NASA lilionya kwamba hatari inajijenga Pembe ya Afrika. Onyo hilo lilikuwa sahihi. Wagonjwa wa kwanza walionekana Garissa, Kenya, kabla ya mwaka kwisha. Homa hiyo ikaingia Tanzania, ambako kati ya Januari na Mei 2007 walihesabiwa wagonjwa 264, wakafa 109. Mkoa wa Dodoma uliumia kuliko mingine.

Sayansi ilifika mapema, chanjo ya mifugo ikafika imechelewa. Chanjo ya ugonjwa huu kwa mifugo ipo tangu miongo mingi iliyopita. Lakini haifai kutolewa wakati mlipuko umekwisha pamba moto, maana sindano ikihama kutoka mnyama hadi mnyama inaweza kuhamisha virusi pia. Dirisha la kufanya kazi lilikuwa la wiki chache, na wiki hizo zilipita ofisini. Masoko ya mifugo yakafungwa, uchinjaji ukazuiwa, bei ya ng'ombe ikaanguka. Kwa mfanyakazi wa mjini ilimaanisha kula samaki au kuku kwa muda. Kwa mfugaji, ng'ombe ndiye akiba, ndiye ada ya shule, na akiugua mtu ndiye nauli na gharama ya matibabu. Alipoteza mifugo na njia ya kulipia hospitali mwezi uleule. Uonevu wa kiafya unaosababishwa na tabianchi una sura hiyo hasa, na hauonekani kwenye ramani za setilaiti.

Kuhusu malaria inafaa kusema kwa tahadhari. Kimelea cha Plasmodium falciparum hakikui ndani ya mbu penye baridi kali; chini ya nyuzi 18 hivi za Selsiasi maendeleo yake huwa ya polepole mno, na kwenye nyuzi 25 hukamilika kwa muda wa siku 12 tu. Ndiyo maana nyanda za juu, kama Kericho, Kisii, Kabale na Usambara, zilikuwa kimbilio. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanasayansi walibishana vikali kama ongezeko la malaria Kericho lilitokana na joto au na dawa zilizokwisha zoeleka kwa vimelea. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa eneo hilo limepata joto kweli, na utafiti wa mwaka 2014 kutoka nyanda za juu za Ethiopia na Colombia ulithibitisha kwamba katika miaka yenye joto malaria hupanda mlima. Hata hivyo, kiwango cha maambukizi kwa watoto wadogo Tanzania kilishuka kutoka asilimia 18 mwaka 2008 hadi asilimia 8 mwaka 2022, wakati joto likiongezeka. Vyandarua, vipimo vya haraka na dawa mseto vilishinda. Habari hii inatia moyo, na inatisha pia, kwa kuwa ushindi huo umelipiwa kwa kiasi kikubwa na wafadhili wa nje. Kijiji cha mlimani ambacho watu wazima wake hawana kinga ya mwili kitaumia haraka kama vyandarua vitaacha kufika.

Joto la bahari linapita njia ndefu zaidi kufikia afya. Zanzibar ilianza kilimo cha mwani kwa biashara mwaka 1989, na kwa zaidi ya miongo mitatu wakulima wake wamekuwa wanawake kwa wingi, hasa pwani ya mashariki ya Unguja na huko Pemba. Ni kazi iliyompa mwanamke wa Paje au Jambiani pesa iliyo yake. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, haivumilii maji ya moto ya kina kifupi. Huugua, hupauka na kukatika. Wengi wamebaki na spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo. Mtaalamu wa mwani Flower Msuya, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari mjini Zanzibar, amefanya majaribio pamoja na wakulima ya kupanda kotonii ndani ya nyavu kwenye maji ya kina kirefu. Njia inafanya kazi, ila inahitaji mashua na kujua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea. Pesa ya mwani ikipungua, kinachopungua nyumbani ni samaki na matunda kwenye sahani, na safari ya kliniki inaahirishwa.

Kipimo kikubwa kabisa cha uonevu huu ni ukame wa Pembe ya Afrika wa mwaka 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua zilizoshindwa. Wanasayansi walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliufanya uwe na uwezekano wa kutokea mara 100 zaidi, angalau. Nchini Somalia, makadirio ya watafiti kwa ushirikiano na mashirika ya Umoja wa Mataifa yanasema huenda watu 43,000 zaidi ya kawaida walikufa mwaka 2022 pekee, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi wa watoto hao huuawa na surua, kuhara na homa ya mapafu, maradhi ambayo mtoto aliyeshiba na kuchanjwa huyapita. Bara zima la Afrika huchangia chini ya asilimia 4 ya gesijoto za dunia. Mchango wa Somalia ni wa kuhesabika kwa shida. Hakuna namna ya kulieleza jambo hili bila hasira, na hasira hiyo ni ya haki.

Huko Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kuna jaribio linalostahili kuigwa kwa uangalifu. Mwaka 2010 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo iliyoko Nairobi na washirika wake walianzisha bima ya mifugo inayosoma ukijani wa malisho kutoka angani. Malisho yakikauka kupita kiwango kilichokubaliwa, mfugaji analipwa bila kungoja mtu aje kuhesabu mizoga. Baadaye fidia ilianza kutolewa mapema ili anunue majani na maji ng'ombe wangali hai. Watafiti waliofuatilia kaya zilizolipwa mwaka 2011 waliona kwamba hazikulazimika kupunguza milo kama jirani zao. Lakini mchango wa bima unalipwa kabla ya shida, na maskini kabisa hana cha kulipa kabla. Serikali ya Kenya ilipochukua sehemu ya gharama hiyo, ndipo waliokuwa nje wakaingia.

Swali hilohilo la nani alipe kabla linaikabili Tanzania. Kaya ya watu sita ilikuwa ikitakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, fedha ambayo mkulima huipata baada ya mavuno na huikosa mvua ikiharibu. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Sheria hiyo ni ngao ya tabianchi kuliko miradi mingi inayobeba jina la tabianchi, kwa sharti kwamba kaya iliyopoteza mazao au mifugo isitolewe kwenye orodha ya wanufaika kwa kukosa mchango mwaka uleule inapouhitaji zaidi.

Na fedha za dunia? Shirika la Afya Duniani limewahi kueleza kwamba nusu ya asilimia moja tu ya fedha za tabianchi zinazopitia mashirika ya kimataifa ilikwenda kwenye miradi ya afya. Mfuko wa hasara na uharibifu uliozinduliwa rasmi Dubai ulipata ahadi za dola milioni 700 hivi mwanzoni, kwa nchi zote zinazoendelea. Mradi mmoja tu, wa bonde la Msimbazi, ulipata mwaka 2022 mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200. Ni mkopo, kwa hiyo Mtanzania atarejesha fedha ya kujikinga na moshi ambao kwa sehemu kubwa hakuutoa.

Hata hivyo kuna kazi zisizosubiri Dubai wala Washington. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za vuli kabla msimu haujaanza, na utabiri wa El Niño hujulikana miezi kadhaa mapema. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria umewatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora mitaa ya Dar es Salaam, mifereji yake na nyumba ambazo maji huzifikia. Tanzania ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaokusudiwa kufikia zaidi ya 137,000, na Kenya ilikuwa imezindua wa kwake, wenye zaidi ya 100,000, Septemba 2023. Utabiri, ramani na watu wa kutembea mlango kwa mlango wapo. Visivyokuwepo ni kifungu katika bajeti ya halmashauri kinachofunguka chenyewe tangazo la mvua kubwa linapotoka, na amri ya kukitumia kabla mgonjwa wa kwanza hajapatikana.

Mwezi Septemba wa mwaka wenye tangazo hilo, kifungu kama hicho kingelipia mambo ya kawaida sana. Kwenye mitaa ya mabondeni, vijana wenye pampu za mkono, ambazo zimekwisha tumika Temeke, wangenyonya mashimo yaliyojaa kwa bei iliyopunguzwa, mvua haijafika. Pakiti za ORS na dawa ya kutibu maji zingekuwa dukani kwa mjumbe na si bohari ya mkoa. Mifugo ya Dodoma na Garissa ingechanjwa udongo ukiwa bado mkavu. Katika vijiji vya Rufiji, Kibiti na Kilwa, ambako barabara ya kusini ilikatika Somanga wakati wa kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024, mhudumu wa afya angekuwa na orodha ya wajawazito wanaokaribia kujifungua na ya wagonjwa wanaotumia dawa kila siku, na kila mmoja wao angekuwa amepewa dozi ya miezi mitatu au mahali pa kulala karibu na kituo cha afya. Mhudumu huyo ni jirani yao, mara nyingi mwanamke, na nyumba yake iko bonde lilelile. Posho yake ianze kulipwa kwa wakati mwezi huohuo wa Septemba, kwa sababu Oktoba atakuwa anatembea ndani ya maji.